Mizani ya Wema

Katika lugha yetu zimo methali mbili ambazo, zikiwekwa pamoja, huonekana kama ndugu wawili waliogombana. Ya kwanza yasema, Tenda wema wende zako. Ya pili yasema, Mali bila daftari huisha bila habari. Ya kwanza yamtaka mtenda wema asigeuke nyuma. Ya pili yamtaka ageuke, ahesabu na aandike. Msomaji kijana, wewe waishi katika nchi ambayo kila mwaka husikika habari za mipango ya kuwainua wanawake wakulima. Huenda mama yako, shangazi yako au dada yako yumo katika mpango mmojawapo. Ni haki, basi, tuulizane: mtu akishawatendea wema wakulima hao, aende zake, au asimame apime? Na kama yampasa kupima, apime nini?

Tuanze kwa kuzipatanisha methali zetu. Tenda wema wende zako ni onyo juu ya shukrani. Lamwambia mtu mkarimu asisimame mlangoni pa aliyemsaidia akingoja kusifiwa. Ni onyo jema, kwa maana wema unaodai sifa ni biashara iliyovaa nguo za ukarimu. Lakini methali hiyo haisemi kwamba mtu asijali kama chakula alichotoa kililiwa au kilitupwa. Mganga mwema hangoji kusifiwa na mgonjwa, lakini humwuliza kama homa imeshuka. Methali ya pili yahusu amana. Mwenye kutoa kilicho chake huweza kukisahau. Mwenye kutoa cha watu hana ruhusa hiyo. Fedha za mipango hii ni kodi ya wananchi au msaada wa watu wa mbali. Tena kuna gharama nyingine isiyoandikwa katika hesabu, nayo ni siku za mwanamke mwenyewe, alizozitumia mikutanoni badala ya shambani. Yeye pia ametoa mali yake, basi ana haki ya kujua alichopata.

Ili fikira zetu zisipeperuke, tuzifunge mahali pamoja. Kimumu ni mtaa ulio kando ya barabara iendayo Iten kutoka Eldoret, katika Kaunti ya Uasin Gishu, nchi iliyosifika kwa mahindi, ngano na maziwa. Eldoret ilipewa hadhi ya jiji mwezi wa Agosti 2024, na kwa miaka mingi kabla ya hapo mji ulikuwa ukinyoosha miguu yake kuelekea mashambani. Nyumba za kupangisha zimesogea hata kwenye mipaka ya mahindi. Walakini kilimo hakijahama. Nyuma ya nyumba utaona kipande cha mahindi na maharagwe, vitalu vya sukuma wiki na managu, ng'ombe mmoja au wawili wa maziwa, na banda la kuku. Aghalabu ashikaye jembe, akataye majani ya ng'ombe na aamkaye kukamua ni mwanamke. Na aghalabu jina lililoandikwa katika hati ya shamba ni la mwanamume.

Sheria imekwisha kusema neno lake juu ya jambo hili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 60, yaagiza kuondolewa kwa ubaguzi wa kijinsia katika sheria, mila na desturi zihusuzo ardhi. Kabla yake, mwaka 2007, serikali ilikuwa imeanzisha hazina ya kuwakopesha wanawake mitaji. Kaunti ya Uasin Gishu nayo, wakati wa gavana wake wa kwanza, Jackson Mandago, ilikuwa na mpango ulioitwa Inua Mama na Kuku, uliovigawia vikundi vya wanawake vifaranga. Mipango ya namna hii ni mingi katika Afrika ya Mashariki, na nia yake ni njema. Lakini nia ni mbegu, wala hakuna mkulima apimaye mavuno yake kwa kuitazama mbegu.

Tuseme kikundi kimoja cha wanawake kimepewa vifaranga mia. Mwaka umepita, na mpimaji amekuja na kalamu yake. Kipimo kilicho rahisi kuliko vyote ni kuhesabu vilivyotolewa: vifaranga mia, mikutano kumi, wanawake ishirini na watano. Hesabu hii hupendwa kwa sababu haimwaibishi mtu. Lakini yafanana na daftari la mahudhurio shuleni. Daftari laweza kuonyesha kwamba mwanafunzi hakukosa hata siku moja, wala lisionyeshe kama alijifunza lolote. Profesa Wangari Maathai, aliyeanzisha mwaka 1977 harakati ya kupanda miti iitwayo Green Belt Movement, na ambaye alipata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, aliiepuka hatari hii kwa busara nyepesi. Wanawake waliootesha miche walilipwa kiasi kidogo cha fedha, si kwa kila mche uliotiwa ardhini, bali kwa kila mche ulioishi. Kati ya kuhesabu iliyopandwa na kuhesabu iliyo hai pana umbali mkubwa, na wengi waandikao ripoti huishia upande wa kwanza.

Kipimo cha pili ni kuhesabu mavuno au mapato. Hapa mpimaji husema: nyumba hii ilikuwa ikivuna magunia manne, sasa yavuna saba, kwa hiyo mwanamke ameinuliwa. Neno “kwa hiyo” katika sentensi hii limebeba mzigo usiolingana na mabega yake. Magunia ni ya nyumba, lakini nyumba si mtu. Nyumba ina watu, na kila mmoja wao ana nguvu yake, haja yake na sauti yake. Nyumba yaweza kuongezewa gunia huku mmoja wa watu wake akipunguziwa usingizi.

Hili si jambo la kubuni. Mwaka 2001 mtafiti Catherine Dolan alichapisha habari za wakulima wa Meru waliolima maharagwe machanga ya kupelekwa Ulaya. Bustani za mboga zilikuwa kazi ya wanawake tangu hapo. Mboga zilipogeuka kuwa fedha, wanaume wengi walisogea karibu. Dolan aliona kwamba wanawake walifanya asilimia 72 ya kazi ya maharagwe hayo, na walipata asilimia 38 ya mapato yake. Mpimaji atazamaye magunia angeandika kwamba mradi umefaulu. Mpimaji atazamaye mikono na mifuko angeuliza kwa nini mkono ufanyao kazi zaidi umerudi na mfuko mwepesi zaidi.

Mfano mwingine u karibu zaidi na Kimumu. Mwanaanthropolojia Regina Smith Oboler, katika kitabu chake juu ya Wanandi kilichotoka mwaka 1985, ameeleza kwamba maziwa ya jioni yalihesabiwa kuwa haki ya mwanamke, na ya asubuhi yalikuwa chini ya amri ya mume. Maziwa ya jioni hayakuwa mengi, lakini yalikuwa yake: angeweza kuwapa watoto, kumkaribisha mgeni, au kuuza kidogo bila kuomba ruhusa. Sasa fikiri mradi unaoleta ng'ombe wa kamua kubwa, na gari linalonunua maziwa yote, na malipo ya mwisho wa mwezi yanayoingia katika akaunti yenye jina moja tu. Mapato ya nyumba yatapanda. Lakini kama jina lile si lake, mwanamke huyu atakuwa amepoteza kikombe kilichokuwa mkononi mwake, na amepewa ndoo iliyo mkononi mwa mwingine. Mwenye kupima jumla tu hatakiona kikombe kile kikiondoka.

Kipimo cha tatu ni nguvu ya kikundi. Husemwa kwamba wanawake wakiwa katika chama imara, wamekwisha kuinuka. Juu ya hili wanauchumi Mary Kay Gugerty na Michael Kremer walifanya utafiti katika Busia na Teso, wakautoa mwaka 2008. Vikundi 80 vya wanawake, wengi wao wakulima wenye elimu kidogo, viliandikishwa ili vipewe zana za kilimo na mafunzo. Kwa kuwa msaada haukutosha wote kwa wakati mmoja, nusu yao walichaguliwa kwa bahati nasibu ili waanze, na nusu wakangoja zamu yao. Matokeo yalikuwa ya kutafakarisha. Katika vikundi vilivyopata msaada waliingia wanawake vijana zaidi, wenye elimu zaidi na wenye kazi za mshahara. Hao pamoja na wanaume walishika vyeo. Na wanawake wazee waliondoka zaidi kuliko katika vikundi vilivyongoja. Jina la kikundi lilibaki lile lile, lakini waliokusudiwa kusaidiwa walikuwa wakitoka mlangoni. Kwa hiyo mpimaji mwaminifu haulizi tu, “Ni nani waliopo?” Huuliza pia, “Walikwenda wapi waliokuwapo?”

Utafiti huo watufundisha na jambo la pili. Mwaka ukiwa na mvua njema na bei nzuri ya mahindi, Kimumu yote hufurahi, aliye katika mpango na asiyekuwamo. Mpango ukijisifu kwa furaha hiyo, umeiba sifa ya mawingu. Ili kujua uliofanya nini, yapasa kuwalinganisha waliofikiwa na wenzao wa hali moja ambao bado hawajafikiwa. Hapa kijana mwenye huruma ataguna: je, ni haki kumwacha mtu nje ili awe kipimo cha mwenzake? Jibu langu ni kwamba si haki ikiwa msaada wawatosha wote nao wananyimwa kwa makusudi. Lakini ikiwa msaada hautoshi, lazima wengine wangoje. Na katika kuamua nani angoje, kura ina haki kuliko upendeleo, maadamu wanaongoja nao wafikiwe.

Basi, ikiwa vitu havitoshi, na magunia hayatoshi, na kikundi hakitoshi, ni kitu gani kinachopimwa tunaposema mwanamke amewezeshwa? Neno lenyewe latuelekeza. Kuwezesha ni kumfanya mtu aweze. Aweze nini? Aweze kuamua, na uamuzi wake uwe na nguvu. Mwaka 2012 kilitolewa kipimo kilichojaribu kulishika jambo hili kwa hesabu. Kilitungwa na Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Sera za Chakula, pamoja na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Oxford na shirika la misaada la Marekani, na mojawapo ya nchi tatu ambamo kilijaribiwa kwanza ni jirani yetu Uganda. Kipimo hiki chauliza mambo matano. Nani huamua kipandwe nini na kifugwe nini? Nani ana mali ya kuzalishia, kama ardhi, mifugo na mkopo, na ana neno juu yake? Nani huamua matumizi ya mapato? Je, mtu huyu yumo katika vikundi, naye huweza kusema mbele ya watu? Na siku yake imegawanyika vipi kati ya kazi na mapumziko? Afikiaye asilimia 80 ya mambo hayo kwa mizani yao ndiye anayehesabiwa kuwa ana uwezo.

Mambo mawili katika kipimo hicho yastahili sifa. La kwanza, mwanamume na mwanamke wa nyumba moja huulizwa maswali yale yale, kila mmoja peke yake, ili pengo kati yao lionekane. Mpimaji ambaye huingia nyumbani, akamwuliza mkuu wa nyumba, akaandika na kuondoka, amepima sauti moja akadhani ni wimbo wa wote. La pili, saa zimehesabiwa kuwa mali. Mtu aliyefanya kazi zaidi ya saa kumi na nusu katika siku moja huhesabiwa kuwa amepungukiwa, hata kama ana shamba na mkopo. Hili ni jambo kubwa. Vifaranga mia ni neema, lakini vifaranga hutaka maji alfajiri, chakula mchana, moto usiku na dawa wakati wake. Ikiwa saa hizo zimetolewa katika usingizi wa mama, au katika masomo ya binti yake, neema imelipiwa na mtu ambaye hakuulizwa bei.

Nayasikia maneno ya mpinzani. Atasema: uhuru wa mtu u moyoni, nao moyo haupimwi kwa ratili. Mpinzani huyu ana nusu ya ukweli. Hata watunga kipimo waliona upungufu huo, na mwaka 2019 ikachapishwa namna nyingine iliyokusudiwa miradi ya kilimo, ambayo iliongeza mambo kama kujiamini na heshima kati ya watu wa nyumba moja. Lakini nusu ya pili ya ukweli ni kwamba moyo wenyewe waweza kudanganywa na mazoea. Mwanauchumi Amartya Sen wa India, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1998, ameeleza mara nyingi jinsi mtu aliyenyimwa kwa muda mrefu ajifunzavyo kutamani kidogo. Ukimwuliza kama ameridhika, atasema ndiyo, kwa sababu amekwisha kuyapunguza matamanio yake yakalingana na fungu lake. Kwa hiyo haitoshi kuuliza, “Umeridhika?” Yapasa pia kutazama: kuku akiuzwa, nani huulizwa kwanza? Moyo na tendo vishuhudiane. Shahidi mmoja hatoshi.

Mpinzani wa pili atasema: maswali haya yatavunja nyumba. Mgeni aingiaye na kuuliza nani ana amri apanda ugomvi mahali palipokuwa na amani. Onyo hili tusilidharau, kwa kuwa mgeni huondoka na karatasi zake na mwanamke hubaki. Ndiyo sababu mpimaji ana wajibu wa adabu: aulize kwa ruhusa, kwa siri na kwa lugha inayoeleweka, akubali kunyimwa jibu, na arudishe matokeo kwa walioyatoa. Lakini amani ambayo haiwezi kustahimili swali ni amani ya namna gani? Nyumba ambayo mume na mke hushauriana haitaogopa kuulizwa kama hushauriana. Ikiwa swali tu laweza kuibomoa, ufa ulikuwapo kabla ya mgeni kubisha hodi.

Wa tatu atasema: kupima hugharimu, na fedha za wapimaji zingenunua vifaranga wengine. Kweli, kipimo kisiwe kikubwa kuliko kitu kipimwacho. Mkulima hanunui mizani ya dhahabu ili apime debe la maharagwe. Lakini vifaranga mia wakitolewa tena mahali ambapo mia wa kwanza wamekufa, au wameliwa na wasiokusudiwa, hapo hatujaokoa fedha. Tumezitupa mara mbili.

Kuna hatari ya nne ambayo wapinzani hawaitaji mara nyingi, nayo naiogopa kuliko zote. Kipimo kikishapendwa huanza kutawala. Mwalimu ahukumiwaye kwa alama za mtihani huweza kufundisha mtihani akaacha elimu. Kadhalika mpango uhukumiwao kwa idadi ya wanawake wenye vyeo utatafuta mwanamke, umkalishe kitini, na kumwandikia cha kusoma. Dawa ya hatari hii, kwa kadiri nionavyo, ni kumrudishia mwanamke mwenyewe sehemu ya mizani. Methali yasema, Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kabla ya mradi kuanza, wanawake wa Kimumu waulizwe: kwenu ninyi, mtu aliyeinuka huonekana kwa dalili gani? Huenda mmoja akasema, ni yule anunuaye mbolea bila kungoja simu ya mume aliye Nairobi. Mwingine akasema, ni yule ambaye binti yake hakosi shule siku ya soko. Mjane akasema, ni yule ambaye mashemeji zake hawathubutu kusogeza mpaka wa shamba lake. Dalili hizo ziandikwe kando ya zile za Oxford, na mwaka ukiisha zipimwe zote pamoja.

Sasa waona, msomaji, kwamba zile methali mbili hazikugombana. Ya kwanza yaondoa kiburi katika wema, na ya pili yaondoa uzembe. Mwenye kupima ili asifiwe ameivunja ya kwanza; mwenye kutoa bila kupima ameivunja ya pili; na mwenye kupima kwa haki, akakubali hata hesabu inayomwaibisha, amezitii zote mbili.

Wala usidhani kwamba kazi hii ni ya wataalamu peke yao. Siku moja ya mapumziko, chukua karatasi, uandike kazi za kila mtu wa nyumba yenu tangu alfajiri hata taa izimwe: nani alikamua, nani alichota maji, nani alipika, nani alipalilia, na kila mmoja alipumzika saa ngapi. Jiandike na wewe, wala usijipendelee. Ukiona kwamba saa za mtu mmoja ni nyingi kuliko za wengine wote, umekwisha kupima. Lililobaki ni kuishika ndoo.